Nyabibuya na Suala la Miungu ya Kike "Midogo"

Neno "mdogo", litumiwapo katika uhakiki wa visasili, halina budi kuhojiwa. Aghalabu hupima wingi wa maandishi yaliyosalia, wala si uzito wa imani yenyewe.

Mfano wa Sumeri unatosha. Ninkasi, msimamizi wa pombe, huhesabiwa miongoni mwa miungu midogo, ilhali wimbo wa kumsifu umehifadhiwa katika vibao vya udongo vya yapata mwaka 1800 K.K. Nisaba alikuwa mlinzi wa nafaka na wa uandishi; baadaye Nabu, mungu wa kiume wa Babeli, alichukua nafasi yake kwa waandishi. Udogo wa Nisaba, basi, una historia: hakuzaliwa nao.

Kwa Wanande wa Butembo na Beni na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, mlima Ruwenzori ni makao ya Kitasamba. Pamoja naye hutajwa Nyabibuya. Baadhi ya maelezo humwita mkewe. Mengine huwafanya wote wawili kuwa watoto wa Nzururu, yaani theluji, wenye kusimamia uhai wa binadamu, mwendelezo wake na ustawi wake. Tofauti hiyo si ndogo. Katika maelezo ya kwanza Nyabibuya anajulikana kwa ndoa; katika ya pili anajulikana kwa kazi.

Kiswahili nacho kina sehemu yake katika jambo hili. Ngeli zake hazibagui jinsia, na neno "mungu" halisemi lolote hadi liongezwe "wa kike". Kisumeri kilifanana nacho: "Nin" hutangulia jina la Ninkasi, na pia la Ningirsu, mungu wa kiume. Mfasiri akosapo alama ya jinsia hukimbilia "mke wa fulani", na hapo mungu mzima hugeuka kivuli cha mwingine.

Ulinganisho huu haudai asili moja. Unadai utaratibu mmoja: mhakiki aulize kwanza mungu huyu anafanya nini, ndipo aulize ni wa nani. Sumeri ilikuwa na vibao. Nyabibuya ana vinywa vya wazee. Tangu mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014, vijiji vingi vimehamwa na wasimulizi wametawanyika. Mwanafunzi atakayeandika "mke wa Kitasamba" na kufunga daftari atakuwa amempunguza Nyabibuya kwa kalamu yake mwenyewe.