Fundi wa Vipande: Uhakiki wa Albamu ya Richie Hawtin, DE9: Closer to the Edit (2001)

Swali la nani astahili kuitwa mtunzi si geni katika taaluma ya fasihi. Huzuka kila inapopatikana kazi iliyojengwa juu ya kazi nyingine: utenzi uliosimulia upya kisa cha kale, maneno mapya yaliyotiwa katika lahani ya zamani, au shairi lililotungwa kujibu shairi. Albamu ya Richie Hawtin iitwayo DE9: Closer to the Edit, iliyotolewa mwaka 2001, inalirudisha swali hilo kwa ukali usio wa kawaida. Imejengwa kwa santuri zilizokwisha kutolewa, nyingi zikiwa za watunzi wengine. Na hata hivyo hakuna santuri isikikayo humo kama ilivyotungwa.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, yafaa kwanza kukumbuka desturi ya albamu za namna hii. Dijei katika ukumbi wa dansi hutumia gramafoni mbili. Santuri ya kwanza ikikaribia kwisha, yeye huisikiliza ya pili kwa vidude vya masikioni, akauongeza au kuupunguza mwendo wake mpaka midundo ya zote mbili iende sambamba. Kisha huziunganisha taratibu, wachezaji wasipate kimya cha kuwasimamisha. Albamu ya mchanganyo ni kumbukumbu ya kazi hiyo. Kwa desturi, kila wimbo hubaki na sura yake, na ustadi wa dijei hupimwa kwa mambo mawili: uteuzi wa nyimbo na uzuri wa kiungo kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Hawtin mwenyewe alilelewa katika desturi hiyo. Alizaliwa Uingereza mwaka 1970, akahamia Kanada akiwa na umri wa miaka tisa, akakulia karibu na Windsor, mji unaotazamana na Detroit kutoka ng'ambo ya mto. Huko Detroit ndiko muziki wa tekno ulikoasisiwa katika miaka ya 1980 na vijana weusi wa Marekani, miongoni mwao Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1999 Hawtin alitoa Decks, EFX & 909, albamu ya nyimbo 38 ambamo aliongeza juu ya santuri mitambo ya kubadili sauti na mashine ya ngoma ya Roland TR-909. Hapo kiungo kilikuwa kimekwisha kuanza kuumeza wimbo.

Katika albamu ya 2001 hatua ya mwisho ilichukuliwa. Nyimbo zaidi ya 100 zilikatwakatwa kwa kompyuta, zikatoa vipande zaidi ya 300. Kipande kimoja huweza kuwa noti moja tu. Kingine huchukua mapigo kadhaa. Vipande hivyo vikapangwa upya, kimoja juu ya kingine, mpaka zikapatikana sehemu 31 zinazodumu kwa dakika 53 hivi. Ngoma ya mmoja inabeba besi ya mwingine, na juu yao unapita mwangwi uliotolewa kwa mtu wa tatu.

Msikilizaji anayeifuata kazi hii kwa makini hugundua upesi kwamba hesabu ya sehemu 31 ni ya karatasini kuliko ya masikioni. Mpaka kati ya sehemu na sehemu hausikiki. Sauti huingia kama mtu aingiaye chumbani bila kubisha: haitambulikani ilipoanza, ila baada ya muda hujulikana kwamba imo. Hili ndilo fanikio kubwa la albamu. Utungo mzima una pumzi moja, na mabadiliko yake yanamdai msikilizaji subira na uangalifu. Asemaye kwamba hapa hakuna utunzi, kwa kuwa vipande ni vya wengine, atalazimika pia kumnyima fundi wa mkeka sifa yake kwa kuwa hakuuotesha ukindu.

Lakini fanikio hilo lina gharama. Yafaa kuilinganisha albamu hii na ile ya Jeff Mills, mzaliwa wa Detroit, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Liquid Room mjini Tokyo na kutolewa mwaka 1996. Katika kazi ya Mills husikika kelele za watu, na mahali pengine midundo miwili hugongana kabla ya mkono kuisahihisha. Mwenye kusikiliza hujua kwamba kuna mtu kazini, na kwamba mtu huyo anaweza kushindwa. Kwa Hawtin hatari hiyo imeondolewa. Kompyuta imesawazisha kila kitu, na katikati ya albamu usawa huo unachosha: panakosekana mgogoro ambao ungeipa tulizo maana.

Gharama ya pili ni nzito zaidi, na wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wana kipimo chake tayari. Katika takhmisi, mshairi huichukua mistari ya mtangulizi na kuiongezea yake mpaka ubeti utimize mistari mitano. Ndivyo ilivyo takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Mwongezaji hutunga kwa uhuru, lakini mstari wa mtangulizi hubaki mzima, na sauti mbili husikika ndani ya ubeti mmoja. Hawtin hafanyi hivyo. Yeye huuvunja mstari mpaka usijulikane ulikuwa wa nani. Majina ya watunzi yamo katika maelezo yanayofuatana na albamu, na hiyo ni heshima stahiki. Ila sikio pekee haliwezi kuyapata.

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama historia ya muziki wenyewe isingekuwa na jeraha. Mwaka 1990, Hawtin na John Acquaviva walipoanzisha lebo ya Plus 8, santuri yao ya kwanza ilipigwa mhuri uliodai kwamba hiyo ndiyo sauti ya kesho ya Detroit. Dai hilo, likitoka kwa vijana weupe wa ng'ambo ya mto, liliwaudhi baadhi ya wanamuziki wa mji huo. Si haki kuihukumu albamu ya 2001 kwa mhuri wa 1990. Hata hivyo, sanaa inayowayeyusha waasisi wake ndani ya mkondo mmoja laini haiwezi kuepuka kuulizwa mkondo huo unaanzia wapi.

Kwa kumalizia, DE9: Closer to the Edit ni utungo kamili, na Hawtin ni mtunzi wake. Ameonyesha kwamba kukata na kuunga ni namna ya kufikiri, wala si hila ya mvivu. Lakini kadiri kipande kinavyozidi kuwa kidogo, ndivyo deni linavyozidi kuwa gumu kuonekana, na ndivyo wajibu wa kulitaja unavyozidi kuwa mkubwa. Mwanafunzi wa fasihi atakayeisikiliza kazi hii pamoja na kuisoma takhmisi atapata somo ambalo nadharia peke yake haimpi: kwamba kati ya kumwongezea mtangulizi na kumfunika, umbali ni mfupi kuliko inavyodhaniwa.