Neno Moja, Milango Miwili: Istilahi za Ulinzi wa Mtandao wa Nyumbani

Mjini Igunga, mkoani Tabora, tulionyeshwa karatasi ya maelekezo iliyouzwa pamoja na ruta ya kusambazia mtandao usiotumia waya, ule ambao wengi huuita waifai. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo twalipongeza, na sarufi yake ni safi. Hata hivyo, mwenye nyumba aliyeifuata neno kwa neno aliacha mlango mmoja wazi. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la istilahi.

Karatasi yaagiza: "Badili nywila ya mtandao." Mwenye nyumba akabadili. Lakini ruta huwa na nywila mbili. Ya kwanza humruhusu mtu kujiunga na mtandao. Ya pili humruhusu kuingia katika mipangilio ya ruta yenyewe na kuiamuru. Hiyo ya pili aghalabu hutoka kiwandani ikiwa rahisi, kama vile "admin", nayo huchapishwa katika vitabu ambavyo kila mtu aweza kuvisoma. Mgeni aliyekaribishwa asome barua zake aweza basi kubadili kila kitu asipozuiwa.

Wakazi wa mkoa huu wanayo historia iwezayo kueleza tofauti hiyo. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji, na mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyejua njia na kuwaongoza wapagazi. Kuruhusiwa kufuatana na msafara ni jambo moja. Kumwamuru kirangozi ni jingine. Twapendekeza basi istilahi mbili: nywila ya kujiunga na nywila ya msimamizi. Ama ruta yenyewe, wapo waiitao "kipanga njia", na msikiaji wa kwanza humfikiria ndege. Kirangozi lingefaa zaidi, ila hatuling'ang'anii, maana ruta limekwisha kuenea.

Jambo la pili ni kile ambacho karatasi hukiita "namba ya usalama", yaani namba ya tarakimu 8 iliyobandikwa chini ya ruta ili kurahisisha uunganishaji wa vifaa. Tarakimu 8 hutoa michanganyiko milioni 100, na mtu angedhani yatosha. Lakini mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, na kwamba tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 7 za mwanzo. Hivyo majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Kama ruta haiwekei majaribio kikomo, programu iitwayo Reaver huyamaliza kwa saa kadhaa. Njia hiyo yapasa kuzimwa. Lakini nani atazima kitu kinachoitwa usalama? Istilahi na itaje kazi ya kitu, isikisifu. "Namba ya kuunganishia" yatosha.

Tatu, karatasi yaonya: "Usitumie programu za udukuzi." Hapa neno moja limebebeshwa matendo matatu. Kismet husikiliza mawimbi yanayopita hewani. Aircrack-ng hupima kama nywila ya kujiunga ni dhaifu. Programu hizo hizo hutumiwa na mwizi, na hutumiwa pia na mwenye nyumba anayekagua komeo lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hutenganisha kuingia katika mfumo bila idhini na kunasa mawasiliano ya watu. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini, utata wa neno waweza kumfika mtu kizimbani. Mwalimu anayepima ruta ya shule kwa idhini ya mkuu wake asiitwe mdukuzi. Wala anayeingia kwa jirani bila ruhusa asijifiche nyuma ya neno "kupima".

Twapendekeza matumizi haya: kudukiza, neno letu kongwe la kusikiliza maneno ya watu kwa siri, litumike kwa kunasa mawasiliano, kudukua kwa kuingia bila idhini, na kupima udhaifu kwa kazi ifanywayo kwa idhini ya mwenye mtandao.

Yawezekana mtu akasema kwamba maneno hayavunji ruta. Ni kweli kwamba si kila udhaifu ni wa lugha. Mfumo wa WEP, uliotolewa mwaka 1997, ulionekana kuwa mbovu kwa hesabu zake mwaka 2001, na hata WPA2 ulikutwa na kasoro mwaka 2017. Kasoro kama hizo ni kazi ya mafundi. Lakini kubadili nywila na kuzima njia dhaifu ni kazi iliyoachiwa mwenye nyumba, naye hana mwongozo ila karatasi aliyopewa.

Kwa hiyo twawaomba wafasiri wafanye jambo moja kabla ya kupeleka maelekezo kiwandani. Mfasiri ampe karatasi yake mtu asiyejua kazi hiyo, akae kando bila kumsaidia, amtazame akiifuata. Mtu huyo akiacha mlango wazi, tafsiri irudi mezani.