Sikio lako si bovu, limezoea sauti moja

Ukishinda dikoni Kigombe, pwani ya kati ya Tanga mjini na Pangani, utasikia Kiswahili cha kila namna. Mwenyeji ana Kimtang'ata chake, mvuvi wa dago kaja na Kipemba chake, na mtu wa Mombasa akikuita anaweza kukwambia "ndoo" badala ya njoo. Hakuna anayeomba mkalimani. Bei inapatana, samaki wanaondoka.

Sasa aje mtafiti Mskoti kuulizia silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunasa kwenye majarife ya huku mwaka 2003. Kijana aliyefaulu Kiingereza vizuri tu anaduwaa. Hata mimi yalinikuta. Mhadhara wangu wa kwanza na mwalimu wa Glasgow nilitoka na daftari jeupe, nikajiona sifai kusoma shahada ile.

Ukiitafuta dawa mtandaoni utaletewa video za kukufundisha "lafudhi sahihi", yaani ya Uingereza au ya Marekani. Nimezitazama nyingi. Zinachangamsha, lakini nina ugomvi nazo.

Kwanza, zinachanganya kuwa na lafudhi na kutoeleweka. Mwaka 1995 Munro na Derwing, watafiti wa Kanada, waliwapa watu warekodi za wanafunzi wa Kiingereza wenye asili ya Kichina. Wasikilizaji walisema wengine wana lafudhi nzito, halafu wakayaandika maneno yao bila kosa. Kwa hiyo "a" yako ya Tanga siyo lazima iwe tatizo.

Pili, mwalimu ni mmoja kuanzia video ya kwanza hadi ya mwisho. Bradlow na Bent walionyesha mwaka 2008 kwamba Wamarekani waliosikiliza Wachina kadhaa wakizungumza Kiingereza walimwelewa vizuri zaidi Mchina mpya kuliko waliomzoea mmoja. Ukisikia watu wengi, ubongo unapata kujua kipi ni cha lafudhi na kipi ni cha mtu mwenyewe.

Hapo utaniambia, wale ni Wamarekani, Kiingereza ni chao. Ni kweli. Sisi tuna irabu tano tu, kwa hiyo "hat", "hut" na "heart" zote zinaingilia mlango mmoja wa "a". Ndiyo maana utafiti unaonigusa zaidi ni wa Mitterer na McQueen, 2009. Waliwaonyesha Waholanzi, wanaojifunza Kiingereza kama sisi, filamu zenye lafudhi za Uskoti na Australia. Waliosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha waliizoea lafudhi vizuri. Waliosoma tafsiri ya Kiholanzi ilikuwa kama imewaziba masikio.

Fikiria basi mabanda yetu ya video, ambako DJ anatafsiri juu ya sauti ya mhusika. Burudani ni safi kabisa, nami nimekulia humo, ila kwa sikio la Kiingereza sidhani kama tuliondoka na kitu.

Lakini tusiwatupie lawama zote watu wa video. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kusoma na kuandika. Mwalimu ana wanafunzi wengi na silabasi ya kumaliza, sasa awashe spika ya nini wakati usikivu hauna alama? Mtoto anatoka hapo amesikia Kiingereza cha walimu wake watatu au wanne, kisha usaili wa kazi unafanywa kwa simu na Mhindi au Mnaijeria, na anakosa kazi anayoiweza.

Jaribu hivi wiki hii. Chukua taarifa fupi ya habari, moja ya Nairobi, moja ya Lagos, moja ya Glasgow. Sikiliza ukiwa na maandishi ya Kiingereza, kisha rudia bila maandishi. Usiigize mtu. Hata "ndoo" ya Mombasa hukuielewa siku ya kwanza, uliizoea kwa kuisikia.