Inazima Lini?

Gari langu lilikuwa likizima kwenye kipilefti. Kutoka Chamwino lilikuja vizuri, tabo ikivuta, lakini kila nilipoingia mjini Dodoma na kuachia mafuta ili nimpishe mwenye bajaji, mshale wa mizunguko ulidondoka kutoka 3,000 hadi sifuri. Usukani ukawa mzito ghafla, na nyuma yangu honi. Ni Subaru Forester ya tabo, niliyoinunua ikiwa imekwisha kuongezewa mambo: ekzosi pana, chujio la hewa la wazi, na ile valvu inayopumua kwa kishindo unapobadili gia. Hata iliposimama tu haikutulia. Ilitetemeka hadi kioo cha ndani kikacheza.

Mafundi wawili wa mwanzo walichomeka mashine, wakasoma namba za hitilafu, wakaanza kubadilisha. Zikaenda plagi, zikaenda koili, ikashushwa pampu ya mafuta. Kila kilichotolewa kilikuwa kizima. Siilaumu mashine; yenyewe husema ilichoambiwa na sensa, na sensa iliyodanganywa hutoa ushahidi wa uongo kwa moyo mweupe.

Fundi wa tatu yuko Kizota, chini ya mwarobaini, kando ya barabara iendayo Singida. Hakugusa boneti. Aliuliza, “Kaka, inazima lini?” Nikajibu kwamba inazimazima tu. Hakuridhika. Ikiwa baridi au ikishapata moto? Umesimama, au ndiyo kwanza umeachia mafuta? Ukiiwasha tena inakubali mara moja au inasumbua kwanza? Inanuka nini? Nikalazimika kukumbuka safari moja moja, na katika kukumbuka nikagundua kwamba haikuwahi hata mara moja kuzima nikiwa nimekanyaga. Miezi miwili nilikuwa na jibu hilo, hakuna aliyeniomba.

Mafundi wetu huita mwendo wa injini gari likiwa limesimama “sailensa”, na naliona kuwa jina zuri, kwa sababu kazi ya fundi hapo ni kusikiliza. Injini inayokimbia ina nguvu za kuficha maradhi. Kwenye sailensa kipepeo cha hewa kimefungwa karibu chote, mizunguko ni 750 hivi kwa dakika, kila silinda inapiga mara sita tu kwa sekunde. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa, na hewa inayopita wakati huo ni kidogo kiasi kwamba ufa mwembamba kwenye mpira mmoja unatosha kuvuruga hesabu nzima.

Kusikiliza Subaru kuna ugumu wake. Silinda zimelala, mbili kushoto, mbili kulia, na mabomba ya ekzosi ya injini ile hayalingani urefu, ndiyo maana inanguruma kwa kukatakata hata ikiwa nzima. Sikio geni litaapa kwamba inamisi. Fundi aliweka kiganja nyuma ya ekzosi, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akachomoa soketi za nozo, moja baada ya nyingine, akizirudisha. Kila mara injini ilinyong'onyea kwa kiasi kilekile. Silinda zote nne zilikuwa kazini.

Akatoa saa ya kupimia mvuto wa hewa, kuukuu, kioo kimechubuka. Ilisoma inchi 16 za zebaki. Pwani injini nzima huvuta kati ya 17 na 22, na fundi aliyesoma kitabu bila kuangalia alipo angeanza kufungua injini. Lakini kila ukipanda mita 300 hivi, inchi moja hupotea, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. “Hii ni ya hapa,” akasema. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya rangi ya kucha, palepale kwenye 16. Alama ile naiheshimu kuliko cheti chochote.

Yakabaki mambo mawili: sensa ya hewa na ile valvu. Sensa ya hewa ni waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kontroli boksi inajua imepita kiasi gani. Vumbi letu, lililopenya kwenye chujio la wazi wakati wa upepo wa Julai, lilikuwa limeganda juu ya waya, nao ukaripoti hewa pungufu. Petroli ikaja pungufu vilevile. Ile valvu ilifanya kinyume. Ya kiwandani hurudisha hewa kwenye bomba, baada ya sensa. Yangu iliimwaga nje. Kila nilipoachia mafuta, hewa iliyokwisha kuhesabiwa ilitoka kwa mlio, petroli yake ikabaki bila mwenzake. Gari moja lilikuwa na njaa likisimama na kuvimbiwa likipunguza mwendo, ndiyo maana kila dawa moja ilishindwa.

Alisafisha waya kwa dawa ya kupuliza, bila kuugusa. Akafunga valvu ya kurudisha hewa na mpira wake. Nikamuuliza kama ule mlio utabaki. “Hapana, kaka. Ule mlio ndio uliokuwa unazima gari.”

Jioni nilifika kwenye kipilefti, nikaachia mafuta. Mshale ukashuka hadi 700, ukasita, ukapanda kidogo, ukatulia. Mwenye bajaji akapita.