Kijembe si Kebehi: Istilahi za Kauli Kali katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Katika sura za tasnifu zinazochambua mtindo, ni jambo la kawaida kukuta mtahiniwa akidai kwamba mwandishi ametumia kejeli, kisha baada ya aya mbili akaiita kauli ileile dhihaka, kebehi au kijembe. Mara nyingi mabadiliko hayo hufanywa ili kuepuka kurudia neno. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi hizo haziwezi kubadilishana nafasi bila hasara. Kila moja inabeba dai kuhusu nafasi ya msemaji mbele ya msemwa. Mhakiki anayezichanganya analipoteza swali la msingi: ni nani mwenye uwezo wa kumuumiza nani, na kwa gharama gani?

Tatizo hili hudhihirika zaidi mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Bugene, wilayani Karagwe, Kinyambo ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi, ilhali Kiswahili ni lugha ya darasani, sokoni na ofisini. Mwanafunzi wa huko hulipokea neno kijembe kutoka katika orodha ya tamathali za usemi, likiwa limepangwa sambamba na kejeli na dhihaka. Katika eneo la migomba na kahawa, maana inayomjia kwanza ni jembe dogo, na kisarufi hajakosea. Hata hivyo, kijembe cha usemi kinatokana na maana nyingine: kisu kidogo kinachofaa kuchanjia. Chale yake ni nyembamba na haina kishindo. Vivyo hivyo, anayepiga kijembe hamtaji mlengwa wake. Mlengwa akilalamika, amejitaja mwenyewe mbele ya watu. Kwa sababu hiyo kijembe humfaa mtu asiyeweza kumkabili mwenzake ana kwa ana, ama kwa sababu ya cheo, ama umri, ama ujirani usiovunjika.

Mfano ulio bayana ni kanga. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga, aliyahusisha maandishi hayo na sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Mwanamke aliyejifunga kanga yenye kijembe anaweza daima kusema kwamba alipenda rangi yake. Utetezi huo ni sehemu ya maana. Mipasho ya taarabu ya miaka ya 1990, hasa katika ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, ilitumia mbinu iyo hiyo, lakini jukwaani na mbele ya mashabiki waliojua vyema nani anaambiwa. Hapo kificho kilikuwa chepesi zaidi, na hadhira ikawa shahidi. Kwa hiyo hata kijembe na mpasho, maneno yaliyo jirani mno, hutofautiana kwa kiasi cha uwazi na kwa nafasi ya wasikilizaji.

Kebehi huenda upande mwingine. Msemaji wake hujiweka juu na humtazama msemwa kama kitu duni. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Waziri Majivuno anamshitaki Karama mbele ya mfalme, na kiburi kilichomo katika jina lake kimo pia katika namna anavyomwona mshitakiwa. Karama naye anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za nje kutafuta mema, wakarudi na kutiwa gerezani. Utetezi wake ni mkali kupita mashitaka, lakini hauna tusi. Unawaacha wasikilizaji wahukumu wenyewe serikali inayowaadhibu watumishi wake bora. Tukiuita utetezi huo kejeli, na mashitaka ya Majivuno tukayaita kejeli pia, tumewaweka mtawala na mshitakiwa katika mizani moja. Kosa hilo linapita mtindo na kuingia katika maudhui ya kitabu.

Dhihaka nayo huhitaji kitu cha kuchekwa. Katika tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, iliyochapishwa mwaka 1999, makali yanaanzia katika kiunganishi cha anwani. Kwa kawaida husemwa kaptula ya fulani. Mwandishi ameandika “la”, upatanisho unaolikuza vazi hilo hadi likawa kubwa kupita kiasi kwa kiongozi anayetaka kulivaa. Hakuna mtu aliyetukanwa katika anwani hiyo, lakini itikadi iliyoazimwa bila kupimwa imeshachekwa kabla pazia halijafunguliwa. Mhakiki anayeandika tu kwamba tamthilia ina kejeli hulipita jambo hilo bila kuliona.

Kuna pia kundi la maneno yanayosifu ukali usiojeruhi: kauli kuntu, kauli yenye mashiko, kauli ya kina, kauli inayopenya. Haya hupima ukweli wa jambo lililosemwa, ilhali kijembe, mpasho, kebehi na dhihaka hupima uhusiano wa watu. Kauli moja yaweza kustahili sifa za makundi yote mawili, kama ule utetezi wa Karama, lakini kila sifa inadai ushahidi wake. Tahadhari zaidi inahitajika kwa neno tashtiti: vitabu vya shule vya Tanzania hulieleza kuwa ni swali ambalo jibu lake linajulikana, ilhali wahakiki wa Kenya hulitumia kwa utanzu mzima unaokosoa jamii kwa kuicheka. Mtahiniwa asiyebainisha anafuata matumizi yapi humwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Inapendekezwa, basi, kwamba mchambuzi aulize maswali matatu kabla ya kuchagua istilahi: msemaji yuko juu au chini ya msemwa, msemwa ametajwa au amefichwa, na ni nani anayesikiliza. Maswali hayo yanamfaa pia mtafiti wa Kinyambo. Akifika Bugene na orodha ya visawe vya Kiswahili akaomba tafsiri zake, atapewa tafsiri, na orodha yake itajaa. Lakini akiuliza mkwe humwambiaje mama mkwe neno chungu bila kumvunjia heshima, atapewa lugha yenyewe, pamoja na mipaka ambayo wasemaji wake wanaijua na kamusi haijaiandika.