Herufi za Tangazo Moja la Kinga: Sura ya Chapa kama Ushahidi wa Tarehe na wa Lugha

1. Utangulizi

Makala hii inahusu karatasi moja tu, tena karatasi ndogo: tangazo la kuuza kinga, yaani baiskeli, lililopigwa chapa kwa Kiswahili. Halina tarehe wala jina la mpiga chapa. Pembe yake ya chini, ambapo yaelekea palikuwa na jina la mfanyabiashara, imechanika. Karatasi hii ilikutwa imebandikwa ndani ya jalada la daftari la hesabu, na kwa muda mrefu imetumika katika semina zetu kama mfano wa Kiswahili cha Katanga cha miaka ya 1940. Sisi wenyewe tumewahi kuifundisha hivyo, kwa hiyo lawama tutakayoitoa hapa inatuhusu sisi kwanza.

Usomaji huo uliozoeleka una nguzo tatu. Ya kwanza ni bei, ambayo imetajwa kwa faranga. Ya pili ni imani kwamba mistari midogo ya tangazo ni mwandiko wa mkono wa mfanyabiashara mwenyewe. Ya tatu ni tahajia: mara tatu tunakuta u mahali ambapo tungetazamia w, na jambo hilo limechukuliwa kuwa alama ya matamshi ya zamani. Tutajaribu kuonyesha kwamba nguzo ya pili na ya tatu zinaanguka mara tu mtu anapouliza swali ambalo wanaisimu hatuna desturi ya kuliuliza: herufi hizi ni za sura gani, na zilitoka wapi?

2. Tangazo lenyewe

Kichwa kimepangwa kwa herufi kubwa, nene, zenye kuinama kidogo upande wa kulia: KINGA YA KAZI, KINGA YA KUTEMBEA. Chini yake pana picha ya kinga. Chini ya picha kuna mistari midogo ambayo herufi zake zimeungana kama za mwandiko. Mstari wa kwanza unasema kinga ni «kwa wanaume na wanawake». Wa pili unasema zinauzwa «kua bei ndogo». Wa tatu unaeleza kwamba mnunuzi anaweza kulipa «kua muezi». Mwishoni imeandikwa bei.

Kama utungo, tangazo hili halina makuu, lakini si la kudharauliwa. Kichwa kinarudia neno moja na kubadilisha kusudi lake, kazi kisha matembezi, hivyo kinawagusa watu wawili: yule anayekwenda kazini asubuhi, na yule yule siku ya Jumapili. Neno lililochaguliwa ni kinga, wala si baiskeli. Aliyelitunga alijua watu wa hapa wanasemaje. Ndiyo sababu karatasi hii ilitupendeza tangu mwanzo, na huenda ndiyo sababu tuliharakisha kuipa tarehe tuliyoitamani.

3. Jinsi ya kuzitambua herufi

Swali la kwanza ni kama herufi zimechorwa kwa mkono au zimepangwa kwa chapa. Kipimo chake ni rahisi. Mkono wa mwanadamu haurudii umbo lile lile mara mbili. Chapa haina njia nyingine ila kulirudia. Tulichukua karatasi angavu, tukafuatisha a ya kwanza ya mistari midogo, kisha tukaiweka juu ya kila a iliyofuata. Zote zililingana. Tukafanya vivyo hivyo kwa n na e, na matokeo yakawa yale yale. Isitoshe, mahali ambapo herufi mbili zinaungana, pana ufa mwembamba kama unywele, mahali ambapo kipande kimoja cha risasi kilipakana na kingine. Mwisho, mtu akipitisha kidole nyuma ya karatasi anahisi mibonyeo ya herufi: ni chapa ya kugandamiza, siyo ya ofseti ambayo huacha karatasi laini pande zote mbili. Mistari midogo, basi, si mwandiko wa mfanyabiashara. Ni herufi za risasi zilizotengenezwa ziige mwandiko.

Swali la pili ni jina la herufi hizo. Hapa Kiswahili kinamletea mtafiti tatizo lake maalumu. Watu wanaotambua sura za chapa hupenda kuanzia kwa Q, kwa maana mkia wake hutofautiana sana kutoka sura moja hadi nyingine. Hutazama pia x na c. Lakini Kiswahili hakitumii q wala x, na c hutokea tu katika ch. Inatubidi tutegemee herufi ambazo lugha yetu inatupa kwa wingi: k, w, y, z, g. Kwa bahati njema, k ni shahidi mzuri, kwa kuwa namna mikono yake miwili inavyokutana na nguzo haifanani katika sura zote.

Kwanza tulidhani kichwa kimepangwa kwa Choc, herufi nene yenye uchangamfu inayoonekana kwenye mabango mengi. Lakini Choc inaiga brashi iliyolowa wino, na ina herufi ndogo pamoja na kubwa. Herufi za kichwa chetu zina kingo kali, nene juu na zikipungua kuelekea chini, kama vipande vya bati vilivyokatwa na kukunjwa. Maelezo hayo yanalingana na Banco, ambayo ilitolewa kwa herufi kubwa tu. Ama mistari midogo, ni Mistral: sura ambayo mtungaji wake aliichota katika mwandiko wake mwenyewe, akapanga mwisho wa kila herufi ukutane na mwanzo wa herufi inayofuata.

Banco, Mistral na Choc ni kazi za mtu mmoja, Roger Excoffon (1910–1983), mzaliwa wa Marseille, aliyezibuni kwa ajili ya kiwanda cha kusubu herufi cha Fonderie Olive cha mji huo huo. Kwamba Banco na Mistral zimekutana katika karatasi moja si ajabu: mpiga chapa aliyenunua sura moja kwa Olive aliweza kununua na nyingine.

4. Tarehe

Banco ilitolewa mwaka 1951, Mistral mwaka 1953. Karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi hizo haiwezi kutangulia mwaka 1953. Miaka ya 1940 imekwisha kuondoka, na pamoja nayo yameondoka yote tuliyoyasema kuhusu Kiswahili cha wakati wa vita kwa kutegemea karatasi hii.

Yafaa hapa kutahadhari. Sura ya chapa inatupa mwaka ambao karatasi haiwezi kuutangulia. Haitupi mwaka ambao haiwezi kuuvuka. Herufi ikishazaliwa huishi muda mrefu. Gazeti la Thrasher la Marekani, lililoanza mwaka 1981, lilichagua Banco kwa jina lake miaka 30 baada ya herufi hiyo kutoka. Kikomo cha pili lazima kitafutwe kwingine, na hapa ndipo nguzo ya kwanza, ile ya bei, inapotufaa. Faranga, iwe ya Kongo ya Kibelgiji au ile ya Katanga ya wakati wa kujitenga (1960–1963), iliacha nafasi yake kwa zaire mwaka 1967. Ni kweli kwamba faranga ilirudi mwaka 1998, lakini kinga ya kiasi hiki cha faranga, katika karatasi iliyogandamizwa kwa risasi, haiwezi kuwa ya wakati huo. Tunapendekeza, basi, kipindi cha kati ya 1953 na 1967.

Njia hii ya kufikiri haikubuniwa na sisi. Mwaka 2017 nchini Pakistani, hati iliyobeba tarehe ya Februari 2006 ilitiliwa shaka mbele ya mahakama kuu kwa sababu iliandikwa kwa Calibri, herufi iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007. Kinachotushangaza ni kwamba wanasheria wanajua kuuliza swali hilo, nasi tunaoishi kwa maandishi hatuliulizi.

5. Herufi zilizopungua

Sasa tuingie katika jambo lenye uzito zaidi kwa mwanaisimu. Tulipohesabu herufi za kichwa tulikuta kwamba A imetumika mara 6, na zote 6 ni za Banco. Lakini K imetumika mara 4, na ni 2 tu za kwanza zilizo za Banco. K za KINGA ya pili na za KUTEMBEA ni za sura nyingine, iliyonyooka, isiyo na mwinamo. Msomaji mmoja aliwahi kuliona hilo akasema ni uthibitisho kwamba kichwa kilichorwa kwa mkono. Sisi tunaona kinyume chake. Mchoraji hapungukiwi na K. Anayepungukiwa ni mpanga herufi ambaye kasha lake lina K mbili tu za kimo hicho.

Kwa nini zipungue? Viwanda vya kusubu viliuza herufi kwa hesabu iliyofuata mahitaji ya lugha ya mnunuzi. Katika Kifaransa, k na w ni miongoni mwa herufi adimu kuliko zote. Karibu hazitokei ila katika maneno ya kigeni. Kasha lililopangwa kwa Kifaransa lina a na e tele, na k chache. Kiswahili kinadai kinyume: viambishi ki-, ku- na ka-, kiunganishi kwa, na vitenzi vyote vikitajwa kwa ku-, vyote vinachota katika kijumba kile kile cha kasha ambacho Mfaransa hakugusa. Tukumbuke pia kwamba kasha lililonunuliwa kwa ajili ya Kiholanzi, lugha ya pili ya Wabelgiji, lingekuwa na k na w za kutosha. Upungufu huu unaelekeza kwenye nyumba ya uchapaji iliyofanya kazi hasa kwa Kifaransa.

Tukishalijua hilo, tuitazame upya ile «kua» iliyotufurahisha. Katika mstari wa kwanza wa Mistral, w inatokea mara 4: moja katika kwa, moja katika wanaume, mbili katika wanawake. Baada ya hapo haionekani tena. Mahali 3 ambapo tungeitazamia, kwa bei, kwa mwezi na neno mwezi lenyewe, tunakuta u: «kua», «kua», «muezi». Neno kwa, basi, limeandikwa kwa w juu na kwa u chini, katika karatasi ile ile. Mgawanyo huu haufuati mazingira ya kifonolojia. Unafuata nafasi katika ukurasa. Mpanga herufi alianza juu, akatumia w alizokuwa nazo, zikamwishia, akashika u.

6. Pingamizi moja

Mtu atasema: lakini kua na muezi zaonekana katika barua na madaftari ya watu wa Katanga, yaliyoandikwa kwa kalamu isiyopungukiwa na herufi. Ni kweli, wala hatukusudii kukanusha jambo lenyewe. Inawezekana hata kwamba mpanga herufi alichagua u kwa wepesi kwa sababu masikio yake yaliikubali. Tunachokanusha ni kwamba tangazo hili laweza kuitwa shahidi. Shahidi aliyelazimishwa kusema neno moja kwa kukosa jingine hahesabiwi. Anayetaka kueleza historia ya w katika Kiswahili chetu aanze na maandishi ya mkono, kisha ayapime yaliyochapwa kwa kujua kasha lilikuwa na nini.

Hapa tunakumbuka kazi ya Johannes Fabian juu ya Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, aliyoyahariri mwaka 1990. Fabian alitufundisha kwamba maandishi ya namna hiyo hayafahamiki vema mpaka yasomwe kwa sauti, ili sikio lirekebishe pale ambapo jicho linapotea. Somo hilo tumelishika, pengine kupita kiasi. Tumezoea kusikiliza karatasi hata tukasahau kuitazama.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba tangazo la kinga limepangwa kwa Banco na Mistral. Kwamba haliwezi kuwa la kabla ya 1953, na linaelekea kuwa la kabla ya 1967. Na kwamba tahajia yake ya u badala ya w inaelezwa na upungufu wa herufi kabla ya kuelezwa na matamshi. Thamani yake haikupungua. Limeacha kuwa ushahidi wa fonolojia, likawa ushahidi wa kazi: mtu fulani, mbele ya kasha lisilotengenezwa kwa lugha yake, alipanga sentensi za Kiswahili na kutafuta njia kila herufi ilipomwishia.

Kwa wanafunzi wanaokusanya maandishi ya namna hii, tunaomba mambo matatu. Kwanza, wasiridhike na kunakili maneno. Nakala iliyopigwa upya kwa kompyuta inafuta ushahidi wote tuliouzungumzia, kwa maana inazipa K zote sura moja. Pili, wapige picha pande zote mbili za karatasi, wa nyuma kwa mwanga wa ubavuni, ili mibonyeo ionekane. Tatu, wahesabu k na w kabla ya kusema lolote juu ya lahaja. Matangazo, kalenda, kadi za harusi na vibandiko vya bidhaa vingali vimo katika masanduku ya familia zetu, na wazee waliofanya kazi katika viwanda vya uchapaji wanazidi kupungua. Wale waliopo waulizwe sasa makasha yao yalikuwa na nini.