Mchanga Mweusi wa Lembeh: Ufundi wa Kumwona Aliyejificha

Mzamiaji aliyezoea matumbawe ya Mnemba au Mafia, akishushwa Lembeh kwa mara ya kwanza, hudhani nahodha amepotea njia. Hakuna ukuta wa matumbawe, hakuna kasa, maji yenyewe yana ukungu, na chini ni mchanga mtupu mweusi wa volkano: hapa chupa ya bia, pale tairi, mbele kidogo kandambili iliyoota ukoga. Ufukweni kuna Bitung, mji wa bandari na viwanda vya jodari. Hata hivyo watu wanatoka Ulaya, Japani na Marekani, wanazipita fukwe nyeupe za nusu ya dunia, wanakuja kulipia saa nzima ya kukagua takataka hizo. Na wanarudi mwaka unaofuata.

Mlango bahari huo uko kaskazini mwa Sulawesi, Indonesia, kati ya kisiwa kikubwa na kisiwa cha Lembeh. Urefu wake ni kama kilomita 16, na upana kilomita moja au mbili tu. Mikondo inayopita mle hubeba chakula kingi, lakini chini hakuna pango wala mwamba wa maana wa kukimbilia. Mnyama laini anayeishi uwanda wa namna hiyo hana budi kujizika, kujigeuza akafanana na kitu kisicholiwa, au kubeba sumu na kuitangaza kwa rangi. Ndiyo maana sehemu inayoonekana tupu imejaa viumbe wa ajabu kuliko wengi wa kwenye matumbawe. Ni maji ya Sulawesi haya haya yaliyowapa wanasayansi, mwaka 1998, pweza mwigaji ambaye hujibapa akaogelea mfano wa samaki bapa, au hufukia mikono sita na kuiacha miwili ikipepea mfano wa nyoka wa baharini. Ilipofika 2005 ndipo alipopewa rasmi jina la kisayansi, Thaumoctopus mimicus.

Uzamiaji wa namna hii, uitwao wa matopeni, haukuanzia hapa. Bob Halstead alikuwa akiwapeleka wageni Milne Bay, Papua New Guinea, tangu miaka ya 1980. Lembeh ilipata sifa muongo uliofuata, na jina linalotajwa zaidi ni la Larry Smith, Mmarekani wa Texas aliyewafundisha vijana wa pale kazi ya kuongoza. Nia yangu si kusimulia historia. Swali langu ni la fundi: mtu anamwonaje mnyama mwenye ukubwa wa punje ya mchele, katika maji ya ukungu, kwa dakika 60 au 70 za hewa?

Jibu ni kwamba mwongozaji hamtafuti mnyama. Anatafuta nyumba yake, chakula chake na jirani yake.

Chukua jongoo bahari. Mgeni anampita. Mwongozaji anasimama, anamkagua mgongo na ubavu polepole, kwa sababu juu ya ngozi hiyo huishi kamba mdogo mwekundu mwenye mabaka meupe, anayesafiri bure na kuokota kinachotimka njiani. Chukua matumbawe ya upepeo ya jenasi ya Muricella. Farasi wa baharini aitwaye Hippocampus bargibanti, asiyefika hata sentimita mbili na nusu, hukaa kwenye upepeo wa aina hiyo na kuuiga mpaka vinundu vyake. Georges Bargibant, ambaye jina lake ndilo alilopewa farasi huyo, hakumgundua baharini. Ilikuwa mwaka 1969, New Caledonia, wakati upepeo uliokwisha kutolewa majini ulipokuwa ukikaguliwa. Mwongozaji wa leo hana haja ya bahati hiyo. Anazijua pepeo zake moja moja, kina chake na upande unaotazama mkondo, na farasi aliyekomaa akishahamia kwenye upepeo huwa hahami.

Wanawake wa Paje na Jambiani wanaofuata pweza maji ya bamvua yakipwa wanaijua kanuni hii bila kufundishwa na mtu wa Lembeh: usimwangalie pweza, angalia mlango wake. Maganda ya kaa na chaza yaliyorundikana penye tundu yanasema mwenyewe yupo, au hayuko mbali. Lembeh wameongeza ukurasa mmoja. Pale pweza wa jamii ya Amphioctopus marginatus hukusanya vifuu vya nazi, huvipakata chini ya mwili, hutembea navyo kwa ncha za mikono iliyokakamaa, kisha hujifungia humo akiona hatari. Watafiti Julian Finn, Tom Tregenza na Mark Norman walilichapisha hilo mwaka 2009, na likaingizwa kwenye mjadala wa wanyama wanaotumia zana. Kwa hiyo kifuu kilichofumbwa vizuri mno si takataka. Mwongozaji hakifungui, anasubiri mwenyewe achungulie.

Kuna pia namna ya kutazama. Mgeni hutazama chini moja kwa moja, na kwa pembe hiyo kila kitu kina rangi ya mchanga. Mwongozaji hushuka karibu na sakafu na kutupa macho mbele, ili kinundu chochote kionekane kwa umbo lake. Anatafuta mstari ulionyooka mahali pasipo na sababu ya mstari, jicho, vitundu viwili sawasawa. Akikosa, anahama mita chache. Kinachomsaidia zaidi ni kumbukumbu: jioni waongozaji huambiana nani kaonekana wapi, na kwa kuwa baadhi ya viumbe hawa hukaa mahali pamoja siku kadhaa, habari ya jana ni mali. Sayansi imelitambua hilo walau mara moja hadharani. Mwaka 2008 farasi mwingine mdogo wa bahari ya Sulawesi aliitwa Hippocampus pontohi, kwa heshima ya Hence Pontoh, mwongozaji wa Bunaken aliyewaonyesha watafiti.

Sasa mgeni mwenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, na haziharibiwi na kamera.

Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 hubeba lita 2,200 za hewa, na hewa hiyo ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mzamiaji anaanza akiwa mzito na kumaliza akiwa mwepesi. Akifunga risasi za kiunoni kwa kukadiria, au akiongeza mbili "za usalama", itabidi ajaze fulana ya kuelea upepo mwingi ili asizame. Upepo huo hupanuka akipanda nusu mita na kubanwa akishuka nusu mita, basi anayumba muda wote, na kila akiyumba anapiga mguu, na kila akipiga mguu anatimua mchanga. Dawa yake inajulikana: pima uzito ukiwa mita tatu hadi tano, mtungi ukiwa umebaki na bar 50, fulana tupu, pumzi ya kawaida. Ukitulia hapo, risasi zimetosha. Watu hawapimi kwa sababu mwisho wa mbizi kila mtu anawaza chai.

Risasi zikishakaa sawa, usukani unaobaki ni mapafu. Nusu lita ya pumzi ya ziada inakuinua kwa nguvu ya nusu kilo hivi. Kwa mtu wa matumbawe hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayeelea sentimita 20 juu ya tope laini, akitazama mdudu kwenye lenzi, ndilo jambo lenyewe. Wazoefu wa Lembeh hupumua kifupi katikati ya mapafu wanapokaribia mnyama, bila kuzuia pumzi kamwe. Mwili hulazwa, magoti yakikunjwa, mapezi yakiwa juu kuliko kiuno, na mguu hupiga kwa pembeni kama wa chura, ili maji yasukumwe nyuma badala ya chini. Kurudi nyuma ni lazima ujifunze. Aliyemkaribia mnyama na hajui kurudi nyuma atageuka, na kugeuka kwake ndiko kutakakomfukia mnyama pamoja na wenzake wanaosubiri zamu.

Hesabu ya gesi nayo imebadilishwa na aina hii ya mbizi. Mtu hasogei, hivyo hewa haiishi haraka, na kinachombana ni naitrojeni. Jedwali la PADI humpa anayevuta hewa ya kawaida dakika 56 kwenye mita 18. Akivuta nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32 anapata 95. Kwa anayezamia mara tatu au nne kwa siku tofauti hiyo ni kubwa, mradi akumbuke kwamba mchanganyiko huo una sakafu yake, kama mita 33.

Tuseme sasa mwongozaji amegonga mtungi. Mbele yake kuna samaki chura mwenye manyoya, Antennarius striatus, anayependwa Lembeh kuliko wengi. Ametulia mchangani juu ya mapezi yanayofanya kazi ya miguu. Kwenye paji la uso ana fimbo yenye chambo kinachofanana na mnyoo, na anaitikisa. Mgeni anataka picha akimeza. Hataipata, na sababu ni hesabu tupu: samaki wa ukoo huu hufungua kinywa na kunyonya windo kwa takriban milisekunde sita. Video ya fremu 30 kwa sekunde hutumia milisekunde 33 kwa kila fremu, hivyo tendo zima linaingia mara tano ndani ya fremu moja. Picha nyingi za kinywa wazi unazoziona ni za miayo. Mwayo huja polepole, na aliyemtazama samaki huyu kwa subira huanza kuona dalili zake: anajiinua kidogo, anajipanga upya, kinywa kinaanza kulegea.

Kwa hiyo mpiga picha hujiandaa kwa mwayo. Lenzi ya milimita 100, shata 1/200, tundu la lenzi kwenye f/22. Hata kwa tundu dogo hivyo, ukimpiga mnyama kwa ukubwa wake halisi, unene unaotoka mkali kwenye picha ni kama milimita mbili au tatu tu. Fokasi ya kujiendesha itahangaika na manyoya. Wengi huifunga, kisha husogeza kamera mbele na nyuma kwa kiasi cha unene wa kucha mpaka jicho liwe kali, na hapo ndipo yale mafunzo ya pumzi yanapojulikana yalikuwa ya nini. Flashi hazielekezwi mbele kwa mbele, maana chembe za tope zitang'aa zote; hugeuzwa nje kidogo ili ukingo wa mwanga tu ndio umguse samaki. Wengine hufunga bomba jembamba kwenye flashi, mwanga ukamwangukia samaki peke yake na mchanga mweusi ukapotea kabisa. Mimi naona mtindo huo umetumika kupita kiasi. Mnyama aliyekatwa kutoka kwenye mchanga wake anapendeza, lakini picha haielezi tena kwa nini ana sura ile.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningekipunguza: kijiti cha chuma. Kazi yake halali ni kuegemea kwa ncha moja kwenye mchanga mtupu, au kuelekeza. Kazi yake haramu ni kumsukuma samaki chura ageuke, au kumchokoza pweza wa pete za buluu ili pete ziwake. Wageni wengi huogopa flashi kuliko kijiti. Utafiti wa Maarten De Brauwer na wenzake uliochapishwa 2019 uliwapima samaki wa aina hizi, na ukaonyesha kinyume: flashi haikuwasumbua zaidi ya kuwapo tu kwa mzamiaji, wala haikuonekana kuharibu macho, ilhali kushikwa na kusogezwa kuliwabadilisha mwenendo waziwazi. Mwongozaji anachokoza kwa sababu mgeni aliyepata picha hutoa bakshishi nono. Lawama basi igawanywe. Na si biashara ndogo: kundi hilo hilo la watafiti lilikadiria mwaka 2017 kwamba mbizi za matopeni Indonesia na Ufilipino huingiza zaidi ya dola milioni 150 kwa mwaka.

Je, ufundi huu unahamishika? Sodwana Bay, Afrika Kusini, imezamiwa na watu wengi kwa miongo mingi. Mwaka 2020 ndipo alipotangazwa Hippocampus nalu, farasi mdogo wa kwanza wa kundi lake kuthibitishwa katika maji ya Afrika, aliyekuwa kwenye mwani mfupi katika kina cha mita 12 hadi 17, penye mawimbi makali, mahali wazamiaji walipokuwa wakipita. Anayetaka kujaribu Pemba, Tanga au Kilifi asianze na ukuta wa matumbawe. Aanze chini ya gati la zamani au pembezoni mwa majani ya bahari, mita tano hadi kumi, maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa, na mwenzake mmoja tu. Achague kipande cha mita 20, akirudie kila bamvua, na aandike kina na uelekeo wa dira wa kila jongoo bahari, kila kifuu na kila upepeo atakaoukuta, hata kama siku hiyo hapakuwa na mtu nyumbani.